SOMO LA MWEZI: SAMAKI NA MBOGA KWA MAJI YALE YALE

Lengo la somo: Kuwawezesha makatibu na wanachama kuufahamu ufugaji wa samaki pamoja na mboga nyumbani, kupima kama unafaa katika nchi kavu kama Chanika, na kuamua kwa hesabu kabla ya kutumia fedha za chama.

Utangulizi

Mwanachama afika ofisini mwa chama chake cha msingi akiwa na barua ya kuomba mkopo. Anataka kununua simtanki, pampu na vifaranga wa samaki. Amesikia kwamba samaki na mboga huweza kukuzwa pamoja uani, pasipo shamba na kwa maji kidogo, na kwamba mwenye kufanya hivyo hula vizuri na kuuza ziada. Katibu afanye nini? Akikataa bila sababu, atakuwa amemzuia mwanachama asijiendeleze. Akikubali bila kuuliza, fedha za wanachama wote zitaingia majini, na pengine zisitoke. Somo hili limeandikwa ili katibu huyo awe na la kujibu.

Jambo lenyewe si geni katika sehemu zetu. Majaribio ya kwanza ya kufuga perege katika mabwawa nchini yalifanywa mwaka 1949 katika vituo viwili, yaani Malya katika Mwanza, na Korogwe, mlangoni mwetu. Mwaka 1967 Serikali ilianzisha kampeni ya kitaifa ya ufugaji wa samaki. Taarifa ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa ya mwaka 1968 ilitaja mabwawa yapatayo 8,000 katika Tanzania. Hata hivyo mengi hayakutoa mavuno ya maana. Mengine yalikuwa madogo mno, mengine yalikauka wakati wa ukame, na mengi yalikosa utunzaji. Watu walichimba kwa bidii, lakini hawakuwa wamepiga hesabu ya maji, ya chakula cha samaki wala ya siku za kazi. Kosa hilo lilikwisha kulipiwa, na haifai lilipiwe mara ya pili.

1. Ni samaki gani?

Vitabu na picha zitokazo nchi za baridi huonyesha aghalabu samaki aitwaye trauti. Samaki huyu aliletwa Afrika ya Mashariki wakati wa ukoloni na kupandwa katika mito ya milimani. Katika Kenya, Kiganjo karibu na Nyeri, kuna kituo cha kutotolesha vifaranga wake, kwa sababu mito ya Mlima Kenya ina maji baridi, safi na yenye kasi.

Trauti hustawi katika maji yenye joto la nyuzi 10 hadi 18 za Sentigredi. Yakizidi nyuzi 20 huanza kudhoofika, na yakikaribia nyuzi 25 hufa. Sababu yake ni kwamba maji yakipata joto hushika hewa kidogo, na trauti anahitaji hewa nyingi. Pipa lililowekwa uani Chanika mwezi wa Februari litavuka kiwango hicho kabla ya saa sita mchana. Kumpoza trauti kwa mashine kungemla mwanachama fedha zaidi ya thamani ya samaki mwenyewe. Kwa hiyo Handeni na Korogwe trauti hafai.

Wafaao ni wawili:

(a) Perege, na ndugu yake sato. Hupenda joto la nyuzi 25 hadi 30, hula vyakula vya namna nyingi, na nyama yake inajulikana sokoni. Ubaya wake ni kuzaa upesi. Bwawa hujaa samaki wadogo wasiokua. Dawa yake ni kununua vifaranga waliochaguliwa madume matupu.

(b) Kambare. Huyu anaweza kuvuta hewa ya juu ya maji, hivyo hustahimili maji yenye hewa kidogo. Lakini anahitaji chakula chenye utomvu mwingi wa nyama, na wakubwa hula wadogo wasipolingana.

Angalizo moja ni la lazima. Sato wa ziwani si mwenyeji wa Mto Pangani, na akitoroka huchanganyika na perege wa asili na kuharibu uzao wao. Mwanachama asimwage samaki wala maji yenye vifaranga mtoni au lamboni. Kabla ya kuleta samaki yeyote yafaa kumwona Afisa Uvuvi wa Halmashauri, kwa kuwa shughuli hii inaangaliwa na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003.

2. Samaki na mboga husaidianaje?

Samaki akila hutoa uchafu, na katika uchafu huo mna amonia. Amonia ikizidi humwua samaki. Mfugaji wa kawaida huiondoa kwa kumwaga maji machafu na kutia mapya. Katika njia hii maji hupitishwa katika kitanda cha kokoto kilichopandwa mboga. Juu ya kokoto huishi bakteria, viumbe wadogo wasioonekana kwa macho. Kundi la kwanza huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo bado ni sumu. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, na hiyo ni mbolea. Mizizi ya mboga huinyonya, na maji yaliyopungua uchafu hurudi kwa samaki.

Basi mfugaji ana mifugo ya namna tatu: samaki, mboga na bakteria. Wengi huwatunza wawili wanaoonekana na kumsahau wa tatu. Akifa huyo, wawili hufuata.

Elimu ya kuunganisha samaki na mboga hivi ilifanyiwa kazi kubwa tangu miaka ya 1980 katika Chuo Kikuu cha Visiwa vya Virgin, ambako mtaalamu James Rakocy alitumia sato na mboga katika visiwa vyenye shida ya maji. Mwaka 2014 Shirika la Chakula na Kilimo lilitoa kitabu cha mwongozo kwa wafugaji wadogo. Vipimo vitumikavyo hapa chini vinaafikiana na elimu hiyo.

3. Hesabu ya maji

Katika Chanika swali la kwanza ni maji, kisha ndipo yafuate ya samaki. Mvua za vuli na masika hazitabiriki, na kila mwenyeji anaijua foleni ya ndoo wakati wa kiangazi. Si haki samaki wanywe maji ambayo mtoto ameyakosa. Kwa hiyo kila mwanachama apige hesabu ifuatayo.

Milimita 1 ya mvua juu ya mita mraba 1 ya bati ni lita 1 ya maji. Nyumba yenye paa la mita mraba 40, ikipata milimita 200 za mvua, hupokea lita 8,000. Tukitoa sehemu moja kwa tano kwa ajili ya maji yanayopotea, hubaki lita 6,400. Hivyo mwenye bati na mifereji anaweza kujaza chombo chake wakati wa masika bila kugusa ndoo ya kisimani. Ugumu huanza baadaye, wakati wa kuongeza maji yanayopungua.

Kuna njia mbili, na kila moja ina hesabu yake.

Njia ya kwanza: birika na bustani. Mwanachama hujenga birika la saruji, au huchimba shimo na kulitandika turubai nene la plastiki, lenye urefu wa mita 3, upana mita 2 na kina mita 1. Hilo ni lita 6,000. Hufuga humo perege 15 tu, kwa kuwa hakuna pampu ya kuwatilia hewa. Kila siku huchota maji yenye rutuba ndoo 5 za lita 20, yaani lita 100, na kumwagilia bustani. Jua nalo huchukua kiasi cha lita 30 kwa siku. Zinapungua lita 130. Pasipo kuongezwa, birika litafika nusu kwa siku 23 hivi. Kwa hiyo hapana budi kurudisha ndoo sita au saba kila siku. Lakini ikumbukwe kwamba ndoo tano kati ya hizo zingechotwa kwa ajili ya bustani hata kama samaki wasingekuwapo. Maji yale yale yametumika mara mbili.

Njia ya pili: maji ya kuzunguka. Simtanki la lita 1,000, pampu ndogo na vitanda vya kokoto. Maji hayamwagwi, huzunguka usiku na mchana. Yanayopotea ni yale yanayonyonywa na mboga na kukaushwa na jua, yaani kiasi cha lita 10 hadi 30 kwa siku. Ni nusu ndoo hadi ndoo moja na nusu. Hapa maji ni machache sana, lakini umeme hauna likizo.

Mwenye maji ya karibu na asiye na umeme ashike njia ya kwanza. Mwenye umeme wa uhakika na shida ya maji aweza kuifikiria njia ya pili. Asiye na maji wala umeme asianze. Na katika nyumba yoyote, kabla ya kuamua, waulizwe wale watakaobeba ndoo hizo. Aghalabu mwombaji wa mkopo ni baba, na wabebaji wa maji ni mama na watoto. Mradi uliokubaliwa na mmoja na kubebwa na mwingine haudumu.

4. Kujenga mradi wa maji ya kuzunguka

(a) Chombo. Simtanki au pipa kubwa la plastiki lenye fremu ya chuma hufaa. Pipa lililokuwa na dawa za mashamba au kemikali za kiwandani lisitumike kamwe, hata likioshwa mara kumi. Chombo kiwe chini ya kivuli, kwa kuwa mwanga mkali huotesha ukungu wa kijani, nao hunyang'anyana hewa na samaki usiku. Kifunikwe kwa wavu ili watoto wasitumbukie na ndege wasiibe.

(b) Kokoto. Ziwe za ukubwa wa milimita 12 hadi 20, zioshwe mpaka maji yatoke meupe. Zijaribiwe kwa kuzidondoshea siki au maji ya ndimu. Zikitoa povu zina chokaa, nazo zitayatia maji alkali kupita kiasi cha mboga. Kitanda kiwe na kina cha sentimita 30. Maji yasifike juu kabisa. Sentimita chache za juu zibaki kavu ili mbu wasizaliane.

(c) Pampu. Yatosha ya kuzungusha lita 1,000 kwa saa. Pampu ya wati 25 ikifanya kazi saa 24 hula nusu uniti na kidogo, yaani uniti 0.6 kwa siku, au uniti 18 za Luku kwa mwezi.

(d) Uwiano. Hapa ndipo wengi hukosea. Mboga za majani zinahitaji chakula cha samaki gramu 40 hadi 50 kwa siku kwa kila mita mraba ya kitanda. Tuchukue perege 30, kila mmoja akifikia gramu 250. Uzito wao wote ni kilo 7.5. Wakila sehemu 2 kwa mia ya uzito wao, watakula gramu 150 kwa siku. Gramu 150 ukigawa kwa 50 ni mita mraba 3 za kitanda. Mwenye samaki 30 na kitanda cha mita moja atawaua samaki kwa uchafu. Mwenye samaki watano na vitanda vya mita kumi atavuna mboga za manjano.

5. Kuanza na kutunza

Maji ya bomba hutiwa klorini ili yawe salama kwa binadamu. Klorini hiyo huua bakteria na samaki. Maji yaachwe wazi juani siku moja au mbili kabla ya kutumika. Maji ya lambo yachujwe, yasije yakaingiza samaki wengine na magonjwa.

Bakteria huchukua majuma manne hadi sita kuenea katika kokoto. Kwa hiyo mwanachama asitie samaki wote siku ya kwanza. Aanze na wachache, awape chakula kidogo sana, apande miche ya mchicha, na kungoja. Haraka ya majuma haya ndiyo huua vifaranga wengi wa wafugaji wapya. Anayemjua jirani mwenye kitanda kilichokwisha komaa aombe ndoo ya kokoto zake, kwani bakteria wamo tayari.

Mboga za kuanzia ni za majani: mchicha, figiri, chainizi, sukuma wiki na mnafu. Mchicha huvunwa baada ya majuma matatu au manne. Nyanya na bamia zingoje mpaka samaki wamekua na rutuba imeongezeka.

Samaki walishwe mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni. Chakula kisichokwisha kwa dakika 15 kiondolewe, na siku ifuatayo kipunguzwe. Katika birika la njia ya kwanza huweza kutumiwa mchanganyiko wa nyumbani wa pumba za mahindi, mashudu ya alizeti na dagaa waliosagwa. Katika maji ya kuzunguka unga huo huchafua maji na kuziba kokoto. Hapo zitumike tembe zinazoelea. Chakula kilichoota ukungu kisitumike.

Kila alfajiri mfugaji atazame. Samaki wakielea juu na kutweta kwa midomo, hewa imepungua. Aache kulisha siku hiyo na kuyakoroga maji kwa kuyachota na kuyamwaga kutoka juu.

6. Hatari tatu

Ya kwanza ni umeme kukatika. Katika simtanki lenye perege wakubwa, pampu ikisimama usiku mmoja huenda asubuhi pasiwe na samaki hai. Mwenye njia ya pili awe na betri au sola ya akiba, na mtu nyumbani ajue kukoroga maji kwa ndoo. Asiyeweza kupata akiba afuge kambare, au arudi katika njia ya kwanza.

Ya pili ni dawa. Mboga zikiingiwa na wadudu, mkulima hukimbilia bomba la dawa. Dawa ya mboga ikidondoka majini ni sumu ya samaki. Hata dawa za asili si salama zote. Utupa, kwa mfano, ndio mmea uliotumiwa na wazee kuwalevya samaki mtoni. Wadudu waokotwe kwa mkono au majani yaoshwe kwa maji matupu.

Ya tatu ni tamaa. Simtanki likionekana na nafasi, mtu huongeza samaki kumi, kisha kumi wengine. Maji hayaonyeshi mzigo wao mpaka siku yanapozidiwa, na siku hiyo hawafi kumi walioongezwa tu, hufa wote.

7. Hesabu ya mapato na gharama

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Bei hubadilika kutoka soko la Chanika hadi la Korogwe, kwa hiyo somo hili halitaji shilingi. Kila chama kiweke bei za kwake. Vipimo vyenyewe ni hivi, kwa simtanki moja la lita 1,000 katika miezi saba:

Vifaranga: 35, wakitarajiwa kufa 5 na kubaki 30.
Mavuno ya samaki: 30 kwa gramu 250 ni kilo 7.5.
Chakula: kilo moja na nusu kwa kila kilo ya samaki, yaani kilo 11 na robo.
Umeme: uniti 18 kwa miezi 7 ni uniti 126.
Uchakavu: bei ya simtanki, pampu na mabomba, ikigawanywa kwa miaka ya maisha ya kila kifaa.
Mboga: mafungu yote yaliyovunwa, yaliyoliwa na yaliyouzwa.

Atazame msomaji. Uniti 126 zikigawanywa kwa kilo 7.5, kila kilo ya samaki imekula uniti 17 hivi za umeme, kabla ya kuhesabu chakula na kifaranga. Ni dhahiri kwamba samaki peke yao hawawezi kuulipia mradi huu. Mboga ndizo zitakazolipa, na hasa mboga za kiangazi, wakati bustani nyingine zimekauka na fungu la mchicha limepanda bei. Asiyeweka hesabu ya mboga hatajua kama amepata au amepoteza.

Katika njia ya kwanza hakuna umeme, na uchakavu ni mdogo. Mavuno ni samaki 15, karibu kilo 4, pamoja na bustani. Hayo si utajiri. Ni kitoweo kwa jamaa, mbolea isiyonunuliwa, na elimu ya kutunza samaki kabla ya kuthubutu makubwa.

8. Kazi ya chama

Mwanachama mmoja akisafiri kutafuta vifaranga 35, nauli yake itazidi bei ya vifaranga. Hapa ndipo ushirika unapoonyesha faida yake. Chama chaweza kufanya mambo manne:

(a) Kukusanya oda za wanachama na kuagiza vifaranga kwa pamoja. Serikali ina kituo cha kukuza viumbe wa majini Kingolwira, Morogoro. Gari huenda kwa njia ya Mkata na Chalinze, na vifaranga husafirishwa usiku au alfajiri katika mifuko yenye hewa. Oda iwe na malipo ya kwanza, ili chama kisibaki na vifaranga wasio na mwenyewe.

(b) Kununua chakula cha samaki kwa jumla na kukigawa kwa kilo, kwa kuandika kila kipimo katika leja.

(c) Kuanzisha kikundi cha kusoma. Mwaka 1975 kampeni ya Chakula ni Uhai iliwakusanya watu katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadili lishe. Utaratibu huo hauna uzee: watu kumi, mwongozaji mmoja, somo moja kwa juma, na kazi ya kufanya kabla ya kukutana tena.

(d) Kuweka jaribio moja la kikundi, likifuatwa kwa daftari kuanzia kifaranga wa kwanza hadi samaki wa mwisho, na taarifa yake kusomwa mbele ya mkutano mkuu.

Sasa turudi kwa katibu na barua aliyoletewa. Chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013, chama hakikopi kupita ukomo wa madeni uliowekwa na mkutano mkuu na kuidhinishwa na Mrajis. Tena chama kisikopeshe kwa huruma, wala kwa kuogopa kusemwa. Katibu amwulize mwombaji maswali matano: Maji yatatoka wapi mwezi wa Februari na mwezi wa Agosti? Nani atayabeba? Umeme ukikatika usiku, nani ataamka? Chakula cha samaki kitanunuliwa kwa fedha ipi kabla ya kuvuna? Na mkopo utarejeshwa kwa pato gani, ikiwa samaki wote watakufa?

Mwombaji akijibu yote matano, barua yake ipelekwe mbele ya kamati ya mikopo pamoja na majibu yake kwa maandishi. Akijibu matatu, ashauriwe kuanza na birika dogo kwa nguvu zake mwenyewe, kisha aje baada ya mavuno akiwa na daftari mkononi. Asipojibu hata moja, katibu amweleze kwa upole kwamba hajakataliwa, bali analindwa. Mwanachama aliyelindwa asiingie hasara atabaki mwanachama. Aliyeuza mbuzi wake kulipa deni la samaki waliokufa hatarudi chamani, na jirani zake wataona.

Mabwawa ya miaka ya 1960 yalianza na majembe, na hesabu ikafuata baadaye au haikufika kabisa. Safari hii daftari litangulie, na jembe lifuate.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kwa nini trauti afaa Kiganjo na hafai Chanika?
2. Paa la nyumba yako lina mita mraba ngapi? Milimita 150 za mvua zitakupa lita ngapi, ukitoa sehemu moja kwa tano?
3. Mwanachama ana perege 20 wenye gramu 200 kila mmoja, na huwalisha sehemu 2 kwa mia ya uzito wao kwa siku. Anahitaji kitanda cha mita mraba ngapi, kwa kipimo cha gramu 40 kwa mita?
4. Taja mambo mawili yanayoweza kuua bakteria wa kokoto, na jinsi ya kuyaepuka.
5. Katika kijiji chenu, ni nani hubeba maji? Je, amekwisha kuulizwa?

Majibu ya swali la 2 yategemea paa la kila mmoja. Kwa paa la mita mraba 40, jibu ni lita 4,800. Jibu la swali la 3: uzito wote ni kilo 4, chakula ni gramu 80 kwa siku, na kitanda ni mita mraba 2.